Biro Tano Ndani ya Mashini Moja

Ninyi mnaofungua madirisha arobaini kwenye mashini moja halafu mnalalamika kwamba mashini ni nzito, ninyi ndio nawaandikia. Nawapenda, lakini mnanichosha. Juzi nilipita mtaa wa Songo, kwenye sekretaria nilikofanya kazi mpaka macho yakakataa, nikakuta kijana amekaa mbele ya kioo, wateja watatu wamemsimamia mgongoni, na yeye anatafuta barua ya mmoja wao kati ya madirisha yaliyobanana kama ndagala, dagaa wa ziwani, juu ya mkeka. "Iko hapa, papa, iko hapa," anasema. Akafungua dirisha la kwanza: mpira wa miguu. La pili: matokeo ya mtihani ya mtoto wa watu. La tatu likaanza kuimba. Nikatoka bila kusema neno. Nilipomweleza mke wangu alishangaa sana, hakuamini kwamba kuna mahali mimi nilitoka bila kusema neno.

Basi yale maneno niliyomeza, haya hapa.

Kwa asiyejua, sekretaria ni kile chumba cha barabarani ambamo mtu anaandikiwa barua, anatolewa kopi, na siku hizi anajaziwa fomu za interneti. Kompyuta sisi tunaiita mashini. Mwenye chumba alikuwa Mama Zaina, wa zile familia za Waislamu wafanyabiashara wa hapa Uvira, ambao babu zao walikuja na biashara ya ziwa. Bibi yake aliuza vitambaa, mama yake aliuza vitambaa, yeye akasema vitambaa vimemchosha, akanunua mashini. Lakini damu haipotei. Mpaka leo akiona kitu hakijakunjwa anaumwa kichwa.

Mimi sikusoma. Nilifika mwaka wa tatu wa primeri, mwalimu wetu akahama, nami nikahama pia: yeye alienda Fizi, mimi nikaenda bandarini Kalundu kupakia maboti. Kupakia si kubeba, wanangu. Kubeba hata punda anabeba. Kupakia ni kujua nani anashuka wapi. Mzigo wa Kalemie unaingia kwanza, unakaa chini, kwa kuwa utatoka mwisho. Mzigo wa Baraka unakuja juu yake, kwa sababu Baraka boti linafika mapema. Siku moja nikiwa mgeni kazini niliweka magodoro ya Baraka chini ya saruji ya Kalemie. Yalipotolewa yalikuwa chapati. Kapita wetu, yaani msimamizi, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, aliniambia: "Byamungu, weye uko na nguvu ya watu wawili na akili ya nusu muntu." Hakunifukuza. Alinipa chaki, akaniambia niandike herufi moja juu ya kila gunia kabla ya kuligusa. Zile herufi za mwaka wa tatu zikapata kazi.

Mgongo ulipokataa, Mama Zaina alinichukua nimlindie mlango. Nikakaa mlangoni, baadaye nikakaa kwenye kopi, baadaye nikakaa kwenye mashini. Ukiniuliza nilijifunza namna gani kuandika, nitakuambia ni kwa kidole kimoja, na kile kidole mpaka leo ni kigumu kuliko wenzake.

Sasa turudi kwenye madirisha.

Mwanzoni nilikuwa kama yule kijana. Mteja anakuja, namfungulia dirisha. Wa pili anakuja, la pili juu yake. Ikifika saa sita mchana nina lundo, na chini ya lundo kuna watu wanaongoja. Siku moja nikibonyeza hapa na pale nikitafuta dirisha la mwalimu mmoja, kila kitu kikatoweka. Kioo kikabaki kitupu, picha ya ua tu. Nilihisi jasho likishuka mgongoni mpaka kwenye mkanda. Nikaondoa vidole taratibu, kama mtu aliyegusa nyoka.

"Mama Zaina," nikasema, "nimeunguza mashini."

Akaja, akanusa. "Haina harufu."

"Imeungua kimya kimya."

Akainama, akabonyeza kile kitufe chenye alama ya dirisha la vipande vinne, pamoja na Tab. Kioo kikarudi nyuma, kama mtu anaporudi hatua mbili aone nyumba vizuri. Pale juu tukaona vijumba viwili vidogo. Kimoja kitupu. Cha pili kimejaa madirisha yangu yote, hakuna hata moja lililokufa.

Mama Zaina akacheka mpaka akafuta macho kwa ushungi. "Papa Byamungu, haukuunguza kitu. Umehama chumba."

Vile vijumba mashini inaviita biro, yaani ofisi kwa Kifaransa. Biro ya kwanza, biro ya pili, mpaka unavyotaka. Kontrol, na ile alama ya dirisha, na D: biro mpya inazaliwa. Kontrol, alama ya dirisha, na mshale: unavuka kwenda ya jirani. Hakuna anayekufundisha hayo kwa ukali. Vidole vinazoea wiki moja. Na ukienda kule kwenye vijumba unaweza kukipa kila kimoja jina. Mimi nikakumbuka chaki.

Nikaweka biro tano, si zaidi. Mtu mwenye biro kumi amerudi kwenye lundo, ila sasa lundo limelala chini badala ya kusimama. Ya kwanza niliiita Nyumba: humo nilikaa mimi na mambo ya Mama Zaina, hakuna mteja anayeingia. Nne zilizobaki nilizipa majina ya walikotoka wateja wa siku ile: Songo, Bwegera, Mutarule, Juu. Juu ni kwa watu wa milimani, wale wafugaji wa milima iliyo juu yetu. Sikutumia majina ya watu, kwa sababu hapa kwetu ukiita "Mapendo" wanageuka watu wanne na mbuzi mmoja.

Na ndani ya kila biro, mteja namfungulia dirisha la siri, lile jeusi, ambalo halikumbuki kitu. Hiyo ilikuwa sheria ya Mama Zaina. Ukifungua barua za mtu kwenye dirisha la kawaida, yule anayefuata anakaa na kuzikuta bado zinapumua. Dirisha la siri ukilifunga limekwenda na kila kitu chake. Hata ukibonyeza Kontrol, Shift na T, ile ya kufufua kilichofungwa, halifufuki. Kumbukeni neno hilo. Mimi nililijua, na kulijua hakukunisaidia.

Kwanza niwaambie kosa la mpunga, maana ni tamu. Nilikuwa na wakulima wa Bwegera kwenye biro yao, na orodha yao ya mpunga: magunia, mashine ya kukoboa, maturubai. Kushoto kwake, biro ya Songo, kulikuwa na familia inayoandaa harusi, na orodha yao ya mahari. Wakulima wakamaliza. Mimi nikafunga biro yao kutoka kwenye vijumba, chap, nikajisifu kwamba nimesafisha. Kumbe ukifunga biro namna hiyo, madirisha yake hayafi. Yanakimbilia kwa jirani wa kushoto, kama watu wa nyumba iliyoingia maji. Nikavuka Songo, nikachukua karatasi iliyokuwa mbele, nikaituma kwa shangazi wa bibi-arusi.

Baada ya saa moja shangazi alikuwa mlangoni, kitenge amekifunga kama anakwenda vitani.

"Nani ameandika hii?"

"Minye, mama."

"Sisi tuliitika mahari ya ng'ombe. Huyu bwana-arusi anatuletea mpunga na mashine ya kukoboa? Mutoto wetu anaolewa ao anaajiriwa?"

Nikamweleza. Hakukubali kucheka mpaka alipofika barabarani, lakini alipofika barabarani tulimsikia kutoka ndani. Tangu siku ile, kabla ya kufunga biro, nafunga madirisha yake moja moja kwa msalaba wa kona ya juu, na biro yenyewe mwisho. Gunia kwanza, halafu boti.

Ndipo tukafika kwenye sheria ya kusindikiza, ambayo tuliitunga mimi na Mama Zaina, na sijaiona mahali pengine.

Sheria ni hii: mteja akiaga, usifagie biro yake bado. Msindikize kwanza mpaka barabarani. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mtu hakumbuki akiwa amekaa. Akiwa amekaa anasema, "Yote ni sawa, aksanti." Akitembea hatua ishirini na wewe, kichwa kinafunguka. "Ee, papa, kumbe nilitaka kopi mbili." "Ee, jina la baba halikuandikwa vizuri." Miguu ndiyo inayokumbuka. Basi mnarudi, mnakuta madirisha yake yote wazi kama alivyoyaacha, mnasahihisha. Akifika barabarani bila kusimama, amemaliza kweli. Unarudi na kufagia. Hata yule shangazi wa harusi baadaye alileta shughuli zake zote kwetu, akisema ni sekretaria pekee inayomtoa mgeni kama mgeni.

Nilijivuna sana kwa sheria ile. Nayo ndiyo iliyoniangusha.

Alikuja Mama Rebeka. Alishuka kutoka milimani kwa miguu, mama mrefu, mwembamba, Mprotestanti wa kusali kabla ya kukaa na baada ya kukaa. Karatasi zake zilikuwa ndani ya plastiki, plastiki ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya kapu. Binti yake, Rebeka, alitaka kuingia shule ya wauguzi, mbali, na ile shule ilipokea maombi kwa interneti tu. Siku ya mwisho ilikuwa ni ile ile, saa kumi alasiri, halafu mlango wao unafungwa kwa mwaka mzima. Na mwaka uliotangulia Rebeka alikosa kwa sababu mvua ilikata njia.

"Mwaka huu akikosa tena," mama akaniambia, "baba yake amesema inatosha, aolewe. Si kwa ubaya. Anasema tu Mungu amejibu mara mbili."

Nikampa biro ya Juu yote peke yake.

Fomu ile ilikuwa ndefu kama ibada. Ukurasa baada ya ukurasa, na haikuwa na mahali pa kuhifadhi: unaijaza mpaka mwisho au haupo. Mwishoni kulikuwa na kisanduku kikubwa ambamo mzazi aeleze mwombaji ni mtu wa namna gani. Mama akasema kwa Kiswahili chake cha mlimani, Mama Zaina akakaa kwenye kiti changu akigeuza kwa Kifaransa, maana Kifaransa changu ni cha kuomba radhi tu. Waliandika karibu saa nzima. Ana akili, ana heshima, anampenda Mungu, anasaidia wazee. Maneno mazuri, yaliyopigwa pasi.

Kilichobaki kilikuwa picha ya uso ya Rebeka, nayo ilikuwa na Rebeka mwenyewe. Alikuwa kwa shangazi yake Bwegera, na asubuhi ile alikuwa njiani. Hayo aliambiwa Mama Zaina. Mimi nilikuwa nje nikigombana na jenereta, kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda zake.

Niliporudi, Mama Zaina alikuwa ameingia nyuma kuswali adhuhuri. Mama Rebeka akasimama. Akanishika mikono yote miwili.

"Muzee, naomba ruhusa ya kwenda. Mungu akuongezee siku. Aangalie nyumba yako. Aangalie wajukuu wako mpaka waone wajukuu."

"Amina, mama. Kwaheri ya kuonana."

Nikamsindikiza. Alitembea wima, hakusimama, hakukumbuka kitu. Barabarani akapanda pikipiki, akaniinamia kichwa, akaenda. Nikajiambia: huyu amemaliza, Mama Zaina amekwisha kutuma. Nikarudi, nikafunga madirisha ya biro ya Juu moja moja, kwa msalaba, kama nilivyojifundisha. Hata lile jeusi. Nikafuta vumbi kwenye kioo.

Mama Zaina akatoka kuswali. "Amesharudi na picha?"

"Nani?"

"Mama wa mlimani. Ameenda parking ya magari kumuchukua mutoto, simu ya mutoto iko imezimika."

Akaangalia kioo. Akaniangalia mimi. Akabonyeza kuona vijumba, akavuka kwenye Juu, akakuta ile picha ya ua tu.

"Papa Byamungu. Ile fomu uliituma?"

"Minye? Nilifikiri weye njo umeituma."

"Nitaituma bila picha?"

Ilikuwa inakaribia saa nane. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, kwa mara ya kwanza tangu nifike pale. Nitawaambia ukweli, maana mimi ni mzee na sina cha kulinda. Nilichofikiri kwanza hakikuwa Rebeka. Nilifikiri: nitasema ni koneksio, mtandao umekatika. Hapa Uvira koneksio imekula vitu vingi sana, kimoja zaidi hakuna atakayehesabu.

"Utamwambia nini?" Mama Zaina akauliza, kama aliyesikia.

"Nitasema ni koneksio."

Akavuta kiti, akafungua dirisha jipya, akaanza fomu kutoka ukurasa wa kwanza. Bila kunigeukia akasema, "Koneksio haina mdomo ya kujitetea. Weye uko nao."

Diplome na cheti cha kuzaliwa tulikuwa tumevipiga skani, vilibaki ndani ya mashini. Kwa hivyo majina, tarehe na kijiji tuliviandika tena. Yeye aliandika, mimi nilisoma kwa sauti, na wateja wengine niliwaambia wakae au warudi kesho. Mwalimu mmoja wa Mutarule, aliyekuwa akingoja zamu yake, alikaa. Alitusomea namba za diplome, macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Saa tisa kasoro tukafika kwenye kile kisanduku kikubwa. Kitupu. Maneno ya mama hayakuwa kwenye karatasi yoyote.

Ndipo wakaingia. Mama mbele, Rebeka nyuma, msichana mwenye viatu vya matope ya mashamba ya mpunga na bahasha ya picha kifuani.

Nikasimama. "Mama, nimekosa. Ulipoaga, nilifikiri umemaliza. Nikafunga. Yote uliyosema asubuhi, nimeyapoteza mimi. Si koneksio, si mashini. Ni minye."

Alisimama palepale, kapu mkononi.

"Mama," nikasema tena, na hapa nilikosa adabu kidogo, "juu ya nini uliaga vile, kama muntu anayepanda mlima, na wewe unaenda parking tu?"

Akaniangalia kama naulizia rangi ya maziwa. "Kwetu muntu haachi mwenye nyumba amekaa, akatoka tu kama mbuzi."

Mwalimu wa Mutarule akakohoa. Rebeka akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Lakini mama hakucheka. Alikaa, akaweka kapu kati ya miguu.

"Nitasema nini tena? Yale mazuri yameisha. Niliyafikiri njia nzima."

"Hatuna wakati wa yale yote," Mama Zaina akasema, mikono juu ya vitufe. "Mama, tuambie kitu kimoja tu. Kimoja ambacho uliona na macho yako."

Mama akamwangalia binti yake, halafu akaangalia sakafu, akaanza. Alisema kwamba wakati wa kuzaa mtoto wa mwisho, mimba ilimgeukia vibaya. Wanaume walimweka kwenye kipoyi, ile machela ya miti miwili inayobebwa begani, wakaanza kushuka naye. Mvua. Rebeka alikuwa mdogo, aliambiwa abaki nyumbani, hakubaki. Alishika ukingo wa kipoyi njia yote. Wakubwa walisema mama asilale, akilala atakwenda. Basi kila mama alipofunga macho, yule mtoto alimtajia ng'ombe wao, mmoja mmoja kwa jina, na kumwuliza: huyu ana rangi gani? Pembe zake zinaangalia wapi? Mama yake ni nani? Ng'ombe walipokwisha, alianza tena na ng'ombe wa jirani.

"Mama," Rebeka akasema polepole, "kumbe ulikuwa unasikia? Haukujibu hata mmoja."

"Nilisikia wote. Nilikuwa naitika ndani."

Mama Zaina alikuwa ameacha kuandika. Halafu akajikumbuka, akageuza kwa Kifaransa haraka haraka, mistari kumi na miwili tu, na pua inavuja. Nilimwomba anisomee alichoandika. Hata mimi ambaye Kifaransa kinanipita mlangoni, nilielewa.

Picha ikakataliwa. Nzito, fomu ikasema. Tukaipunguza. Ikakataliwa tena. Tukaipunguza mpaka Rebeka akawa mdogo kama stempu, ikaingia. Jenereta ikakohoa, nikakimbia nje nikazungumza nayo vizuri, nikaibembeleza, nikaiita mama. Niliporudi ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache na Mama Zaina ameondoa mikono, amemwachia Rebeka abonyeze mwenyewe. Akabonyeza. Kile kiduara cha kungojea kikazunguka, kikazunguka, jamani, kilizunguka. Halafu ukaja ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: maombi yamepokelewa, na namba ya dosie, yaani ya faili lake.

Mama Rebeka alisali kwa kusimama. Alipomaliza aliaga, akatushika mikono mmoja mmoja. Mimi safari hii nilimwuliza mbele ya watu wote: "Mama, hii kwaheri ni ya parking ao ni ya mlima?"

Hapo ndipo alipocheka. "Ni ya mlima, muzee. Lakini ile dirisha usiifunge."

"Ipi?"

"Hiyo yenye namba. Usiifunge mpaka wajibu."

Ningeweza kumweleza kwamba kufunga ukurasa hakufuti maombi, kwamba namba imekwisha kufika kule. Mngemweleza ninyi. Mimi niliyefunga lile la asubuhi nilikuwa na mdomo gani? Nikasema, "Sitaifunga."

Basi, wanangu, biro ya Juu ikakaa wiki nyingi na dirisha moja tu. Wateja wa milimani wengine niliwaweka Nyumba, kwenye biro yetu wenyewe. Kila usiku umeme ulikatika au mashini ilizimwa, na kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza niliifungua tena, niliandika namba ya dosie kwa kidole changu kimoja, nikaiacha pale, nikavuka kwenda kazini. Mama Zaina, ambaye hawezi kuona kitu hakijakunjwa, alipita mara ngapi nyuma yangu, akaiona, akaenda zake. Mwalimu wa Mutarule alipokuja alikuwa akiuliza kwanza, "Iko wazi?" kabla ya kusalimia.

Msijifunze vibaya. Mtu akiniambia kwamba kosa lile lilileta maneno bora, namwambia akapoteze fomu ya mama yake mwenyewe tuone. Fanyeni biro zenu, zipeni majina, fungeni moja moja. Na mteja akiaga, msindikize, lakini muulize pia kwa mdomo: umemaliza? Miguu inakumbuka mengi, haikumbuki yote.

Siku ile ukurasa ulipobadilika, nilidhani macho ndiyo yaliyoharibika. Nikamwita Mama Zaina asome. Akasoma mara mbili, kimya, halafu kwa sauti. Rebeka amepokelewa. Tukapiga simu mlimani, haikupita. Tukapiga tena na tena, mpaka mchana Mama Rebeka mwenyewe akapiga. Alikuwa amepanda kwenye kile kilima chao ambako mtandao unafika, na upepo ulikuwa unasema kuliko yeye. Nikamwambia. Nilisikia akiwaita watu, nilisikia ng'ombe, nilisikia wimbo wa kanisani ukianza na kukatika. Halafu akarudi kwenye simu.

"Muzee, ile dirisha iko wazi bado?"

"Iko wazi, mama. Niko naiangalia."

"Basi sasa funga," akasema. "Funga, upumuzike."

Nikafunga. Kati ya madirisha yote niliyofunga katika kazi ile, ni hilo moja tu ambalo mwenyewe aliniambia nifunge.